UZI MREFU: Muhogo mchungu unavyozima nguvu ndani ya seli, na kwa nini miguu ya mgonjwa wa konzo hairudi

Mkemia wa Newala

Wakuu habari za wakati huu, shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Kuna ubishi umezuka kwenye uzi mmoja wa mapishi, mtu kasema muhogo mchungu unaua, akashambuliwa kweli kweli, wengine wanamwambia uzushi, wengine wanasema hao waliokufa walirogwa, na mmoja akamalizia kwamba ukiuchemsha vizuri sumu yote inaisha. Hilo la mwisho ndo limenifanya nifungue uzi wake kabisa maana ni hatari, watu wanaamini moto unamaliza kila kitu. Kazi yangu ni maabara ya chakula na unga wa muhogo ndo nashinda nao, kwahiyo nivumilieni, ni mrefu.

Naanzia ndani ya mwili maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini sumu kidogo vile inaangusha mtu mzima na nguvu zake.

Chakula unachokula, ugali, wali, chochote kile, mwili hauwezi kukitumia moja kwa moja. Kinavunjwa vunjwa mpaka nguvu yake inaishia kwenye kitu kinaitwa ATP, hiyo ndo seli inatumia kukaza msuli, kupeleka taarifa kwenye neva, kusukuma chumvi ndani na nje. Sehemu kubwa ya ATP inatengenezwa kwenye mitokondria, vimfuko vidogo sana vilivyomo kwenye karibu kila seli ya mwili isipokuwa chembe nyekundu za damu. Na mwili hauna ghala la ATP, inatengenezwa na kutumika hapo hapo, kiasi kwamba kwa siku nzima unatengeneza na kuvunja ATP inayokaribia uzito wako mwenyewe. Ndo maana uzalishaji ukikatika hata dakika chache tu mambo yanaharibika.

Inatengenezwaje? Kwenye utando wa ndani wa mitokondria kuna vituo vinne. Elektroni, yaani chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, zilizotoka kwenye chakula zinapokezanwa kituo hadi kituo, na nguvu yake inatumika kusukuma protoni upande mmoja wa utando, zinajazana kule kama maji nyuma ya bwawa la Kidatu. Alafu zinaruhusiwa kurudi kwa kupitia kimeng'enya (enzaimu) kimoja ambacho kinazunguka kweli, sio maneno tu, kinazunguka kama mtambo wa kufua umeme, na kila kikizunguka ATP inatoka. Elektroni zenyewe mwisho wa safari zinapokelewa na oksijeni pale kituo cha nne, yanatokea maji. Yaani oksijeni ambayo mwili unatumia usiku na mchana karibu yote inaenda kufanya kazi hiyo moja, kupokea elektroni pale mwisho.

Sasa sayanaidi, ndo hiyo sumu inayotoka kwenye muhogo mchungu, inaenda kukaa kwenye chuma kilichomo ndani ya kituo cha nne. Ikikaa pale oksijeni haipokei tena kitu, elektroni zinarundikana kurudi nyuma mpaka kituo cha kwanza, protoni hazisukumwi, bwawa linakauka, ATP hakuna. Na kitu kinachonishtua mpaka leo ni kwamba mapafu ya huyo mtu ni mazima, damu yake imejaa oksijeni vizuri tu. Ukimtoa damu kwenye mshipa wa vena, ile ambayo kawaida ni nyekundu iliyofifia kama inataka kuwa nyeusi, unaikuta inang'aa wekundu maana imezunguka mwili mzima na hakuna seli iliyochukua oksijeni yake. Mtu anakosa nguvu huku oksijeni imemjaa.

Seli inabaki na njia moja, kuvunja glukosi bila oksijeni, ambayo glukosi moja inatoa ATP 2 wakati mitokondria ingetoa kama 30. Njia hiyo inazalisha asidi ya laktiki, damu inaanza kuwa na asidi nyingi na mgonjwa anahema haraka haraka. Wanaoumia kwanza ni wale wanaokula nguvu nyingi, ubongo ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia kama asilimia 20 ya nguvu, na moyo. Ndo maana dalili zinaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo, moyo kwenda mbio, alafu ikizidi ni degedege na kupoteza fahamu.

Haya turudi kwenye muhogo. Muhogo haujabeba sayanaidi ikiwa huru. Umebeba kitu kinaitwa linamarini, na pembeni yake, sehemu nyingine ya seli, kuna kimeng'enya chake kinaitwa linamaresi. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukikata, ukitwanga, ukiloweka ukalainika, au panya akitafuna, vinakutana na sayanaidi inatoka. Ni silaha ya mmea huo, na ndo maana wakulima wa kusini wanaupanda mchungu makusudi kabisa, nguruwe pori na ngedere hawausogelei sana na mwizi naye anajua hawezi kuung'oa akautafuna njiani. Muhogo mtamu unakuwa chini ya miligramu 50 kwa kilo ukiwa mbichi, mchungu unafika mamia. Na mwaka wa ukame sumu inapanda, hata aina ile ile, shamba lile lile.

Kiwango kinachokubalika kwenye unga ni miligramu 10 kwa kilo. Kasese kule Uganda mwezi wa 9 mwaka 2017 watu walikula ugali wa muhogo msibani, wakaugua 98 na wawili wakafariki, unga ulipopimwa ulikuwa na wastani wa 88. Unga wa dukani ule, na kwa macho ni mweupe kama mwingine.

Hiyo ni sumu ya ghafla. Kuna nyingine ya polepole ambayo inaniuma zaidi.

Mwili una kinga yake. Kuna kimeng'enya kinachukua sayanaidi kinaibandika salfa inakuwa thayosayaneti ambayo ina sumu ndogo zaidi, inatoka kwa mkojo. Sasa hiyo salfa inatoka wapi? Kwenye protini, yaani samaki, nyama, mayai, maharage kwa kiasi chake. Mtu anayekula muhogo na dagaa kila siku ana salfa. Mtu ambaye kwa wiki nzima ni ugali wa muhogo na majani tu, hana. Sumu ile ile, sahani ile ile, mmoja anaamka kwenda shamba mwingine anaamka miguu imekakamaa.

Hiyo ndo konzo. Daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981 wakati wa ukame mkoa wa Nampula, Msumbiji, wakapatikana wagonjwa zaidi ya 1,100, na mmoja wa madaktari waliokuwa kule, Hans Rosling kutoka Sweden, alikuja kuutafiti ugonjwa huu kwa miaka mingi. Kwetu Tanzania ilitokea Tarime mwaka 1985, na miaka ya 2000 mwanzoni ikaonekana tena kusini, Mtwara na Mbinga.

Inavyokuja ni ghafla. Mtoto kalala mzima, asubuhi anataka kusimama, miguu yote miwili imekaza, inatetemeka, magoti yanagongana. Wazazi wengi wanadhani ni polio, lakini mguu wa polio unalegea, huu unakaza, ukigonga goti unaruka juu. Anahisi vizuri tu ukimgusa. Baadae anatembea kwa vidole huku mguu mmoja unapita mbele ya mwingine kama unataka kumkwaza, wengine wanahitaji fimbo moja, wengine mbili, wengine wanatambaa. Wanaopata sana ni watoto kuanzia miaka kama mitatu na kina mama walio kwenye umri wa kuzaa. Neva zilizoharibika ni zile ndefu zinazotoka kwenye ubongo kushuka uti wa mgongo kupeleka amri za miguu, na hazioti tena. Haiendelei kuwa mbaya ila pia hairudi. Wataalamu bado wanabishana hatua kwa hatua sumu inaziharibuje hizo neva tu na kuacha nyingine, lakini kuhusu chanzo, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri pamoja na ukosefu wa protini, hapo hawabishani sana.

Na angalieni inatokea lini. Ukame, njaa, vita. Kule Bandundu, Kongo, ilipanda baada ya barabara nzuri kufika, maana wachuuzi wa Kinshasa walikuwa wanautaka muhogo haraka, kina mama wakapunguza kuloweka kutoka siku tatu hadi moja. Bibi zetu hawakuwa wajinga kuloweka siku nyingi vile. Njaa ndo inakata siku.

Nawasilisha, karibuni kwa maswali.

Nyakato_Musoma

Asante sana mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi kwetu ni Mara, mama alikuwa akitusimulia ile njaa ya miaka ya themanini, anasema walikuwa wanamenya asubuhi, wanatwanga, wanaanika juani, jioni washaanua na kesho yake wanasonga, kwa sababu watoto wanalia. Kuna mama jirani yetu alitembea na fimbo mpaka anafariki na sisi watoto tulikuwa tunaambiwa kakanyaga dawa ya mtu.

Swali, kwa nini unasema kuchemsha hakusaidii? Mihogo ya kuchemsha tunakula kila siku na chai. Na kisamvu je?

Mkemia wa Newala

Pole dada Nyakato, na huyo mama Mungu amrehemu. Hiyo ya kuambiwa kakanyaga dawa ya mtu nimeisikia sehemu nyingi, na ubaya wake ni kwamba familia inatafuta mchawi wakati sufuria ile ile inaendelea kupikwa na mtoto wa pili anafuata.

Kuhusu kuchemsha. Ile mihogo ya chai ni mitamu, hiyo haina shida, menya, chemsha, kula. Mchungu ukiutumbukiza mzima kwenye maji ya moto, moto unaua kimeng'enya kwanza, linamarini yenyewe haidhuriki na moto. Kwahiyo umezuia sumu isitoke kwenye sufuria, imebaki ndani ya muhogo. Ukishakula, bakteria wa tumboni wanaivunja na sayanaidi inatokea humo humo ndani yako. Sayanaidi yenyewe ni rahisi sana kuondoka, inachemka kwenye nyuzi kama 26 tu, joto la kawaida la pwani, ikishatoka kwenye linamarini inaruka na hewa. Kazi nzima ya kuandaa muhogo ni kuilazimisha itoke kabla hujaweka mdomoni.

Kisamvu kina linamarini nyingi kuliko hata mizizi, ila angalia tunavyokifanya, tunakitwanga sana kwenye kinu mpaka kilainike, alafu kinachemshwa muda mrefu bila haraka. Kutwanga kunakutanisha kimeng'enya na linamarini, kuchemsha kunafukuza. Wanaokikata kata kwa kisu na kukigeuza mara mbili jikoni kama mchicha ndo wanakosea.

Mjukuu wa Bi Zuhura

Mkuu heshima kwako ila mimi sikubali. Bibi yangu kala bada, ugali wa muhogo, maisha yake yote huko Tanga na kafika umri mkubwa sana, miguu yake mizima, anatembea kuliko mimi. Hizi habari za maabara nyingine ni za kututisha tuache vyakula vyetu tununue unga wa viwandani.

Mkemia wa Newala

Kaka nakuelewa na wala siombi mtu aache bada, mimi mwenyewe nakula. Muhogo ndo umeokoa watu wengi wakati mahindi yamekauka, anayesema uachwe hajui njaa.

Bibi yako muulize aliuandaaje. Nina uhakika atakwambia kuvundika, kuloweka mpaka ulainike, kuanika mpaka ukauke kau, ndo kusaga. Alafu muulize kitoweo kilikuwa nini. Tanga, samaki. Huyo bibi alikuwa na muda, maji na salfa, vitu vyote vitatu. Mama wa Popokabaka kule Kongo au wa kijiji kikavu cha Nampula mwaka 1981 hakuwa na hata kimoja.

Kuanika tu bila kuloweka kunabakiza kama robo mpaka theluthi ya sumu yote. Makopa yanaweza kuwa meupe, makavu, yanavutia kabisa, na ndani bado yana kitu. Tunavyopima ni hivi, unga kidogo kwenye kichupa, maji, alafu unaning'iniza kikaratasi cha njano ndani na kufunga kizibo mpaka kesho. Unga mzuri asubuhi unakuta karatasi bado ya njano. Unga mbaya karatasi imekuwa ya kahawia. Nimeona kahawia kutoka kwenye unga ambao mwenyewe angeapa kuwa ni safi.

Bukavu_Kwetu

Jambo ba ndugu. Miye niko wa Bukavu. Iyi maneno ya konzo iko kweli, huku Kivu ya Kusini hatukuwa tunaijua zamani, ilikuja kuonekana nyuma ya vita, batu banakimbia vijiji, banarudi shamba limeibiwa, wanakuta mihogo tu ndo imebakia mu udongo, hakuna mbuzi hakuna samaki, na hawezi kuiweka mu maji siku tatu sababu hajui kama kesho atakuwa pale. Waganga ba hospitali walikuja kuandika mambo ya konzo ya Kivu mwaka 2011. Watoto wa ile wakati sasa ni wakubwa, banatembea na fimbo. Hakuna mtu anabaongelea.

Mkemia wa Newala

Asante sana ndugu yangu wa Bukavu, hii ndo nilitaka mtu aliyeko kule aiseme. Vita inachukua zile siku tatu. Na huyo mtoto hatahesabiwa popote kama aliyeumizwa na vita.

fundi_simu

Mkuu hiyo sayanaidi ndo ile ya kwenye moshi wa jiko la mkaa? Maana kuna familia huku walilala na jiko ndani kwa ajili ya baridi hawakuamka.

Mkemia wa Newala

Hapana, ya jiko ni kaboni monoksaidi, haina harufu kabisa. Inashika chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwahiyo oksijeni haibebwi, na kiasi kingine kinaenda kukaa kwenye kituo kile kile cha nne. Mtu anapata usingizi mzito na haamki. Mkaa uliokolea hautoi moshi, watu wanadhani uko salama, na ndo unaoua. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama ni Njombe mwezi wa saba.

Sayanaidi inapatikana kwenye moshi wa godoro au masofa yanayoungua. Kwenye moto wa nyumba mara nyingi mtu anavuta vyote viwili kwa pamoja.

Na nikiwa hapo hapo niseme la vidonge vya kuhifadhia mahindi, vile vinavyowekwa ghalani kuua dumuzi. Vikikutana na unyevu vinatoa gesi ya fosfini, nayo inapiga kituo cha nne, moyo ndo unaumia sana, na dawa ya kuizimua haipo. Magunia yenye vidonge hayakai chumba wanacholala watu. Hata chumba cha jirani kama ukuta haujafika juu, gesi inapita darini.

Mama Kelvin

Samahani natoka kidogo kwenye mada. Dada yangu alianza dawa za kufubaza virusi zamani kidogo, zile za mwanzo. Akaishiwa mashavu, mikono ikabaki mishipa tu, na nyayo zinawaka moto usiku hawezi hata kujifunika shuka. Watu wakasema ugonjwa umemzidi kumbe vipimo vyake vilikuwa vizuri. Ni haya haya ya mitokondria?

Mkemia wa Newala

Hujatoka kwenye mada hata kidogo mama Kelvin. Ndio, ni hayo hayo ila njia tofauti. Mitokondria ina DNA yake yenyewe, ndogo, na kimeng'enya chake cha kuinakili. Stavudini, ambayo ilikuwa kwenye vidonge vingi vya mwanzo, ilikuwa inakwamisha virusi visijinakili na kwa bahati mbaya ilikwamisha na hicho kimeng'enya. Mitokondria zinachakaa polepole bila mbadala, mafuta ya usoni na mikononi yanaisha, neva za miguuni zinawaka, na wachache asidi ya laktiki ilipanda mpaka ikawa hatari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 likashauri iachwe taratibu. Zilizokuja baada yake, hasa hii ya sasa ya tenofovir, lamivudini na dolutegravir, hazina shida hiyo kwa kiasi kile.

Naomba mtu asisome hapa akaacha dawa. Zile za zamani pamoja na madhara yake ziliwaweka watu hai, dada yako akiwemo. Hizo nyayo kuwaka amwambie daktari wa kliniki yake.

Mvuvi_wa_Ruaha

Utupa je? Sisi kijijini wazee walikuwa wanatwanga majani wanamwaga mtoni samaki wanaelea.

Mkemia wa Newala

Utupa una rotenoni, hiyo inapiga kituo cha kwanza badala ya cha nne. Samaki anaipata moja kwa moja kupitia matamvua ndo maana anaelea haraka. Mtu akila huyo samaki hafi kwa sababu tumboni hainyonywi vizuri na ini linaivunja, lakini msiichukulie poa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa muda, panya wakapata dalili za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Mwaka 2011 utafiti kwa wakulima wa Marekani waliotumia dawa za rotenoni ukaonyesha hatari ya Parkinson ni kama mara mbili na nusu. Wanaotumia unga wa utupa kwenye maharage au kupe wa ng'ombe wafunge pua na mdomo, na wakimaliza wanawe mikono. Na mtoni iachwe kabisa, inaua mpaka vifaranga vya samaki na ni kosa kisheria.

slim_queen

Kaka hizi dawa za kupunguza mwili za mtandaoni nazo?

Mkemia wa Newala

Moja naitaja kwa jina, DNP. Hiyo haizibi kituo chochote, inatoboa bwawa. Protoni zinavuja bila kupita kwenye mtambo, mwili unachoma chakula lakini ATP haitoki, inatoka joto tu. Mtu anapungua kweli, na ndo inavyowanasa watu. Ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930 na kufikia 1938 ikatangazwa haifai kwa binadamu. Homa yake haisikii panadol, joto linapanda mpaka mtu anafariki, na hakuna dawa ya kuizimua. Dada yangu usinunue, na aliyenayo aitupe.

Nyakato_Musoma

Mkuu nirudi kwenye muhogo. Sisi wa mjini tunanunua unga tayari, hatujui umeandaliwaje. Tunafanyaje? Na mtu akishakula akaanza kutapika tumpe maziwa?

Mkemia wa Newala

Maziwa hayazimui sayanaidi dada. Akianza kichwa, kizunguzungu na kutapika baada ya kula muhogo, hasa kama waliokula pamoja wanaugua kwa pamoja, mkimbizeni hospitali na mseme kabisa tumekula muhogo, msiseme tu tumbo. Anahitaji oksijeni, na dawa zipo, kuna thayosalfeti inayoupa mwili ile salfa niliyoisema, na kuna haidroksokobalamini ambayo inaikamata sayanaidi inageuka kuwa vitamini B12 na kutoka kwa mkojo. Sio kila hospitali inazo, ndo sababu nyingine ya kuwahi.

Unga wa dukani una njia yake na ni rahisi. Aliibuni mkemia mmoja wa Australia, Howard Bradbury, na kina mama wa vijiji vya Popokabaka kule Kongo wameitumia, na kwenye vijiji vilivyoishika vizuri wagonjwa wapya wa konzo wakaacha kutokea. Chukua unga weka kwenye bakuli, sawazisha juu, weka alama usawa wa unga ulipofikia kwa ndani. Ongeza maji kidogo kidogo huku unachanganya. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, usishtuke, endelea kuongeza maji mpaka urudi tena kwenye alama. Unapata kitu kama unga mbichi ulioloa, sio uji. Utandaze kwenye mkeka au sinia pana, wembamba usiozidi sentimita moja, hapo ndo wengi wanakosea wanaacha lundo nene katikati. Juani masaa mawili, kivulini masaa matano. Alafu siku hiyo hiyo uusonge kwenye maji ya moto kama kawaida.

Kinachotokea ni kwamba ile linamarini iliyobaki kwenye unga mkavu na kimeng'enya chake vilikuwa vimekaa pamoja bila maji. Ukiloweka vinakutana na gesi inaruka. Sumu inashuka mara tatu mpaka sita.

Nyakato_Musoma

Na unga ukibaki tuuhifadhi kesho?

Mkemia wa Newala

Loweka unaotosha kupika siku hiyo tu. Uliobaki mkavu funga vizuri, kesho ndo uuloweke. Na hata dagaa kidogo pembeni, dada, hasa sahani ya watoto.